Usimuulize Mwenye Mbwa

Siku mliyoniaga mlinipa leso na saa ya ukutani. Leso nimeivaa hadi imeanza kupauka. Saa ilisimama kabla sijafika nayo Likoni, wala sikushangaa, kwa sababu aliyetumwa kuinunua namjua na duka alilopitia nalijua. Nawashukuru hata hivyo. Mlisema pia niwaandikie mambo ya kazi, hasa nyinyi mlioingia juzi na bado mnamwamini kila anayepita mlangoni na mbwa. Haya, nimeketi. Mambo ya vyeo na mishahara siyatii humu. Vyeo vilikuwa haba, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Niliingia kazini kwa kutoelewa neno. Niliambiwa kliniki ya Changamwe inataka msaidizi wa wanyama wadogo. Mimi chuoni nilisomea kuku, na kwetu mnyama mdogo ni sungura, kuku humo humo. Nikavaa buibui langu jipya, nikavuka feri, nikafika mapema. Mnyama mdogo wa kwanza niliyewekewa mezani alikuwa mbwa mwenye kichwa kikubwa kuliko changu. Nikamtazama mzee aliyenipokea nikidhani ananijaribu, naye akanitupia glavu.

Nyumbani mama yangu aliweka ndoo ya udongo safi nyuma ya mlango wa uani, na kila jioni alisimama pale akinihesabia ninavyojiosha, mara saba, moja yake kwa udongo, kama dini inavyomtaka aliyeguswa na mate ya mbwa, nisije nikamwibia hata moja. Majirani walikuja kunijulia hali, na macho yao yakawa yanatembea juu ya buibui wakitafuta nywele. Shangazi yangu alinipokea kikombe kwa ncha za vidole kwa miaka. Sikuwalaumu. Mtu aliyezoea kutazamwa hivyo hujifunza kutazama wengine hivyo hivyo, na kazi yetu, nitawaambieni ukweli, inalitaka jicho hilo.

Mzee aliyenitupia glavu ndiye Mzee Mutiso, aliyenifundisha yote ninayoyajua. Alikuwa Mkamba aliyekaa Chaani tangu ujana wake, mtu wa maneno machache na kofia moja. Mwanzoni nilikuja na adabu ya nyumbani: mtu akiingia na mbwa namwamkia, namwuliza mbwa ana nini, na anachonijibu nakiamini. Mzee aliniacha niendelee hivyo mpaka mama mmoja wa Kisauni alipotuambia mbwa wake ameanguka kutoka ghorofani. Tulipomrudisha yule mbwa kwao, mguu umefungwa plasta, nikakuta nyumba haina hata ngazi. Mzee Mutiso alicheka njia nzima.

"Usimuulize mwenye mbwa," akaniambia. "Muulize ufizi."

Maana yake ni hii. Inua mdomo wa mbwa utazame ufizi. Wa mbwa mzima una rangi ya waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa kidole ugeuke mweupe, kisha uuachie, na rangi irudi hapo hapo. Ikisita kurudi, damu haizunguki vizuri, hata kama mwenyewe anaapa kwamba mbwa alikuwa akicheza sasa hivi. Ukiwa umepauka, tafuta damu inavujia wapi. Mbwa mwenye ufizi mweusi vuta kope la chini, utapata jibu lile lile. Ufizi hauna shemeji wa kumficha.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni mpira wa tumbo, ule mrefu tunaoupitisha mdomoni mwa mbwa kutoa gesi au sumu. Mzee alinifundisha kuupima kwanza nje ya mbwa, kutoka puani hadi ubavu wa mwisho, na kutia alama ya plasta ili usisukume zaidi ya hapo. Mdomoni alitia kipande cha mti alichokitoboa mwenyewe, mpira ukapita kwenye tundu, mbwa akauma mti badala ya mpira au vidole vyangu. Kipande hicho nilikirithi alipostaafu. Kina alama za meno ya nusu ya mbwa wa Changamwe, na nimewaachia kwenye droo ya chini. Nikija nisikikute nitajua nianzie kwa nani.

Miaka ilipita nami nikawa mkali wa kunusa uongo. Bwana mmoja mwenye kibanda Kongowea aliniapia kwamba mbwa wake amejiuma mwenyewe sikioni. Mama mmoja alileta paka aliyegoma kula, paka mwenyewe nikamwinua kwa mikono miwili, na pumzi zake zinanuka dagaa. Wote niliwaitikia, "Naam, naam," huku mkono wangu ukielekea kwenye ufizi. Sikuwachukia. Watu wengi hudanganya kwa aibu tu, na aibu si kosa.

Sasa nije kwa Jenerali, maana najua ndiye mnayemtaka.

Jenerali alikuwa mbwa wa Mama Kendi, mwanamke Mmeru mwenye yadi ya kulaza malori kule Miritini, si mbali na stesheni ya reli mpya. Mbwa mkubwa, kifua kirefu kwenda chini, nusu yake mbwa wa polisi na nusu nyingine Mungu anajua. Aliletwa alasiri moja nyuma ya pikapu, tumbo limefura, mate yanamchuruzika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Kichwa chake kilikuwa kimepakatwa na mzee wa Kigiriama mwenye mvi, mlinzi wa yadi, Mzee Katana. Mama Kendi alishuka mbele akipiga kelele kabla gari halijasimama.

"Sumu! Amewekewa sumu! Na aliyemwekea ni huyu hapa amemshika!"

Mzee Katana hakuinua macho. "Mimi simo, mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mtazame mbwa kwanza."

Ufizi ulikuwa umepauka, na rangi ilichelewa kurudi. Nilimgonga ubavuni kwa kidole, kama mtu anavyojaribu tikiti maji sokoni, na tumbo likalia ngoma. Sumu hailii ngoma. Tulimpandisha mezani, na daktari wetu, Daktari Akinyi, hakupoteza neno. Alimchoma sindano nene ubavuni, upepo ukatoka ukifyoza. Mpira wa tumbo ulikataa kupita, na hapo tukajua tumbo limejipinda. Alimfungua jioni ile ile. Lilikuwa limejisokota kama leso inayokamuliwa. Akalirudisha mahali pake, akalishona ubavuni kwa ndani ili lisijipinde tena.

Nilitoka nje kumweleza Mama Kendi. Mbwa wa kifua kama kile, nikamwambia, akila shibe yake kwa pupa kisha akakimbizana na lori, tumbo hujaa gesi likajipindua. Hutokea bila mkono wa mtu. Mama Kendi alinisikiliza kama mtu anayetajiwa bei ya kwanza.

"Nesi, mimi si mtoto," akasema. "Wezi huanza na mbwa. Mbwa akifa leo, kesho betri za malori zimeenda. Na Jenerali hawezi kula kwa mkono wa mtu hamjui. Anakula kwa mkono wa mtu anamjua. Ni nani huyo, kama si soja wangu?"

Maneno yale yalikuwa na akili ndani yake.

"Jenerali akikufa," akaendelea, "huyu soja nampeleka stesheni ya polisi. Nimeshamwambia mbele ya madereva wote."

Hapo niliogopa kwa ajili ya yule mzee, ingawa sikuwa nimemwamini bado. Nyinyi vijana mwajua mambo ya huko kwao. Mzee mwenye mvi akishatajwa pamoja na neno sumu, neno jingine hulifuata, neno la uchawi, na likishafika kijijini hata polisi wakimwachia hana pa kurudi. Kwa hiyo kila siku mbwa alipovuta pumzi, walikuwa wawili waliokuwa wakiuguzwa.

Mbwa wa namna hii akitoka kwenye kisu hajapona, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mwapenda kusherehekea mapema. Moyo huweza kwenda kombo hata baada ya tumbo kutulia. Kwa hiyo sikuondoka ubavuni pake bila sababu. Nilimwekea dripu, nikamvalisha ile kola pana ya plastiki shingoni asirambe kidonda, nikamzungushia utepe tumboni na kuutia alama kwa kalamu ili nijue kama anafura. Ufizi niliuuliza kila nilipopita. Alipoanza kutaka chakula nilimpikia wali uliolainika mpaka ukasahau kama ulikuwa mchele, na kuku asiye na ngozi wala mafuta, nikampa vitonge vidogo. Maji nayo kidogo kidogo. Mbwa mwenye njaa anakuangalia kwa macho ya kukusuta, lakini usimwonee huruma, anadanganya kama mwenyewe.

Mzee Katana alikuja kila siku alipotoka zamu. Nilimruhusu amlishe, maana mbwa alitulia kwake, lakini nilisimama pale pale nikimlinda kwa macho. Nikaona jambo. Kila nilipompa bakuli, kabla ya kumpa Jenerali, alichota kwa vidole tonge dogo akalila yeye, taratibu, akinitazama usoni. Siku moja Mama Kendi alikuwepo.

"Umeona?" akasema. "Hata kuku wa mgonjwa anakula!"

Mzee akampa mbwa tonge lililofuata. Mimi nililiweka jambo hilo akilini pamoja na mengine ya kutiliwa shaka.

Jenerali aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Daktari Akinyi aliwakalisha wote wawili. Afungwe mahali pa kivuli, asikimbie, asiruke. Chakula ni hiki cha nesi tu, kidogo, mara nyingi. "Zaidi ya hapo asile kitu," akasema. "Anywe tu, kidogo kidogo." Mama Kendi aliyarudia maneno kama mwanafunzi mzuri: "Asile. Anywe tu." Nilifurahi kumsikia. Laiti ningejua.

Siku za kwanza nilipitia yadi na kila kitu kilikuwa sawa. Kisha mchana mmoja pikapu ikaingia tena kliniki kwa mbio. Jenerali alikuwa amefura. Si kama mara ya kwanza, maana zile nyuzi za ndani zilikuwa zimelizuia tumbo lisijipinde, lakini gesi ilikuwa imejaa na kidonda kinavutika. Daktari aliupitisha mpira mwenyewe, polepole, kupitia kile kipande cha mti. Upepo ukatoka, ukafuatwa na maji ya rangi ya hudhurungi.

Tukatazamana. Damu ikikaa tumboni hugeuka rangi hiyo hiyo. Kama nyuzi zilikuwa zimeachia ndani, ingebidi afunguliwe tena, na mbwa yule hakuwa na nguvu za kufunguliwa mara ya pili.

Daktari Akinyi aliinua mdomo wa mbwa akabonyeza ufizi. Rangi ilirudi upesi. Akabonyeza tena. "Ufizi unaniambia si damu," akasema, "na mpira unaniambia ni damu. Mmoja anadanganya. Nitakaa naye nimwangalie mpaka kesho. Kama ni kitu amekula, nitafutie ni nini, Bi Mwanajuma. Nisipojua, asubuhi nafungua."

Mama Kendi alikuwa mlangoni. "Ni nini cha kutafuta? Alipewa tena! Mimi natoka hapa nikienda stesheni."

"Ngoja mpaka kesho, Mama," daktari akamwambia. "Ukienda leo utaulizwa sumu gani, na mimi sina jina la kukupa." Akaondoka akinung'unika, lakini alingoja.

Jioni ile nilivua kola ya Jenerali niioshe. Ilinuka uchachu. Nikaisogeza puani tena, nikaona haya kusema nilichofikiria: mnazi, ile pombe ya kugema, ikishalala. Na nani kati yetu angekuwa na mnazi, kama si mzee wa Kigiriama? Sikulala vizuri. Nilimwona yule mzee akinitazama usoni huku akitafuna tonge la mbwa, na moyo wangu ukasema, ndiye. Lakini wakati wa kuisugua ile kola, ukucha wangu ulikuwa umekwangua kitu ndani yake, ukoko mkavu wa rangi ya hudhurungi. Mnazi ni mweupe, na hauachi ukoko. Ukoko ule ndio ulionipeleka Miritini asubuhi badala ya kumwambia Mama Kendi aende stesheni.

Nilimkuta Mzee Katana ameketi kwenye jiwe nje ya geti, mfuko wake wa nguo miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jenerali yu hai?"

"Yu hai."

"Basi nami ni hai," akasema.

Sikuzunguka. "Mzee, mbwa ulimpa mnazi?"

Alinitazama kwanza kuona kama nina akili zangu. "Mnazi wangu nimpe mbwa? Mwanangu, wa kunitosha mwenyewe nimeukosa tangu mvua."

Hilo, kusema kweli, liliniingia. Lakini kabla sijamwuliza zaidi, Mama Kendi aliniita kutoka jikoni.

"Nesi! Wacha kuongea na huyo, hayo ni ya polisi sasa. Kuja ndani unywe kitu, umetoka mbali."

Nikaingia. Alinipa kiti, akafungua chupa ya chai, akanimiminia kikombe. Haikuwa chai. Ilikuwa nzito, ya hudhurungi, na harufu yake ilinifikia kabla ya kikombe.

"Ni nini hiki, Mama Kendi?"

"Uji. Uji wa kwetu wa wimbi, unga madereva huniletea kutoka nyumbani. Unalazwa kwanza uchache, ndio unakuwa na nguvu. Mama akijifungua, mtu akitoka hospitali, huo ndio tunampa."

Sikukiinua kikombe. "Na mbwa akitoka hospitali?"

"Si nimempa!" Uso wake ulifunguka kwa furaha, nami nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyompenda yule mbwa. "Asubuhi na jioni, kwa mkono wangu mwenyewe. Anaupenda mpaka analamba sufuria."

"Daktari alisema asile kitu kingine."

"Na hajala!" Akaweka chupa mezani kwa kishindo. "Alisema asile, anywe tu. Mimi nimemlisha nini? Uji si chakula, nesi. Uji hunywewa."

Wallahi lugha nzima ilikuwa upande wake. Hata sisi, mwezi wa Ramadhani, mtu humaliza bakuli la uji kisha akauliza chakula kinaletwa saa ngapi, wala hajasema uongo. Alikuwa ametii neno la daktari kuliko sisi tuliolisema. Na hakumficha mtu yeyote. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu anayepiga mayowe ya mwizi haulizwi alikuwa wapi.

Nilimweleza pole pole. Kilicholazwa kikachacha hakiachi kuchacha eti kwa sababu kimeingia tumboni. Huko ndani kinaendelea kutoa gesi, na tumbo lenye kidonda halina pa kuipeleka. Nikamwonyesha ukucha wangu niliokwangulia kola, kisha nikamwonyesha kikombe.

"Mimi," akasema. Akatazama dirishani, kwenye geti. "Mimi ndio..."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilifurahi, nikaishika simu.

"Daktari, si damu. Ni wimbi."

"Uji?"

"Uji."

"Wa kuchacha?"

"Wa kuchacha."

Akavuta pumzi ndefu. "Kwetu pia hunywewa," akasema. "Kisu nakirudisha kabatini."

Tangu siku ile sikuwahi kumwambia mtu "anywe tu." Nilisema maji. Maji ya mfereji, yasiyo na kitu ndani, na nikamwomba arudie: maji. Nanyi fanyeni hivyo. Msiseme "chakula" pia, kwa sababu kwetu aliyekula mahamri na chai bado hajala. Taja kitu kwa jina lake, kisha taja vile visivyohesabiwa kuwa chakula, kimoja kimoja, mpaka mwenye mbwa achoke na wewe.

Jenerali alipona. Alirudi yadini akiwa amekonda na mwenye hasira, na hasira kwa mbwa mgonjwa ni dawa. Lakini kuna jambo lililoniudhi. Mama Kendi hakwenda stesheni, hilo ni kweli. Ila alichomwambia Mzee Katana ni, "Rudisha mfuko wako ndani," basi. Nilikasirika. Mtu umemwita muuaji mbele ya madereva, madereva wamelibeba neno hadi kwenye vibanda vya barabarani, kisha unamwambia arudishe mfuko? Nilipopita pale niliona vijana wa tuktuk wakimkwepa yule mzee, wakimjibu salamu kwa mbali. Nilimsubiri Mama Kendi aseme kitu, na kila siku niliondoka nikiamini hatasema kamwe.

Siku ya kutoa nyuzi za nje nilikwenda Miritini asubuhi. Madereva walikuwa wakinawa nyuso na kupasha injini moto. Jenerali alilala ubavu kivulini mwa lori, Mzee Katana amemshika kichwa, nami nachomoa uzi baada ya uzi. Ufizi wake ulikuwa wa waridi hata bila kuulizwa. Nilipomaliza nikamtilia wali wake kwenye bakuli, Mzee akachota tonge lake kama kawaida, akalila, ndipo akampa mbwa.

Mama Kendi akatoka jikoni na kikombe juu ya sahani. Alikuja mpaka katikati ya yadi, mbele ya madereva wale wale waliomsikia akimshutumu. Madereva wakapunguza maneno.

"Mzee," akasema. Kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akimwita soja tu. "Mzee Katana. Nimekuletea uji."

Mzee alisimama, lakini hakunyoosha mkono.

"Kwetu, Mama," akasema, "mwenye kutoa huanza yeye."

Mama Kendi akanigeukia, hakuelewa. Mimi nilielewa hapo hapo, na damu ikanipanda usoni. Kwao Wagiriama, anayemimina mnazi huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Yale matonge ya wali! Siku zote zile yule mzee alikuwa akituapia kwa kiapo cha kwao, mbele ya macho yetu, bakuli baada ya bakuli, na sisi tukamwita mwizi wa kuku.

"Onja kwanza, Mama Kendi," nikamwambia. "Aone."

Akawatazama madereva. Kisha akainua kikombe akanywa, si kuonja, alikunywa kinywa kizima, mdomo wa juu ukabaki na mstari wa hudhurungi. Hakuufuta.

"Sijaweka kitu ndani," akasema kwa sauti ya kusikika getini. "Na wewe hukuweka kitu. Ni mimi nilimgonjesha Jenerali, kwa mkono wangu. Wote wasikie. Nisamehe, mzee."

Mzee Katana akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka mwisho, bila haraka, Jenerali akimtazama kwa wivu. Alipomaliza alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamrudishia Mama Kendi kikombe.

"Mama," akasema, "hiki ni chakula."